Pasaka mbili na wale wamonaki wa "karne za giza"

Mhariri,

Jibu lililotolewa katika ukurasa wako wa maswali kuhusu Pasaka mbili za mwaka 2024, ile ya 31 Machi na ile ya Waorthodoksi ya 5 Mei, lilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema Waorthodoksi wanafuata kalenda ya zamani. Ni kweli, ila haitoshi. Kalenda hiyo na hii yetu zinapishana kwa siku 13, na kutoka 31 Machi hadi 5 Mei ni siku 35. Siku 22 nyingine zimetoka wapi? Sentensi ya pili ilisema hesabu hiyo ni masalia ya "karne za giza", enzi ambazo elimu ya Ulaya ilikufa zikabaki sala peke yake. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niombe nafasi, maana hesabu ya Pasaka ni miongoni mwa mambo machache yaliyozuia elimu hiyo isife.

Kanuni yenyewe ni fupi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, siku inayohesabiwa kuwa mchana na usiku vimelingana. Ugumu uko katika kuoanisha vitu vitatu visivyooana. Wiki ina siku 7. Mwezi, tangu kuandama hadi kuandama tena, huchukua siku 29 na nusu na ushee. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Msomaji wa pwani analijua tatizo hili bila kufundishwa: miezi 12 ya kuandama hufanya siku 354, pungufu ya siku 11, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka hadi ikazunguka majira yote. Uislamu uliuacha mwezi uende zake. Kanisa lilitaka mwezi huohuo, lakini usitoke nje ya majira yake.

Ufumbuzi ulitoka Afrika, mjini Aleksandria. Wanafalaki wa Kiyunani walikuwa wamekwisha kugundua kwamba miaka 19 ya jua inakaribia sana kulingana na miezi 235 ya kuandama. Wakristo wa Aleksandria wakaligeuza jambo hilo kuwa jedwali: miaka 12 yenye miezi 12, na miaka 7 yenye miezi 13. Jumlisha mwenyewe. Siku 354 mara 12 ni 4,248. Siku 384 mara 7 ni 2,688. Jumla 6,936. Lakini 365 mara 19 ni 6,935. Imezidi siku moja, kwa hiyo mara moja katika kila mzunguko umri wa mwezi, yaani siku zake tangu kuandama, hurushwa siku moja mbele, na Walatini waliuita huo mruko wa mwezi. Siku za miaka mirefu hazivurugi kitu, kwa kuwa huongezwa pande zote mbili. Anayesahau mruko huo anaharibu jedwali zima, na kosa halionekani mpaka mzunguko unaofuata, wakati aliyelikosea pengine ameshazikwa.

Mwaka 525 mmonaki aliyeishi Roma, Dionysius aliyejiita Mdogo, aliliendeleza jedwali la Aleksandria lililokuwa linakaribia kuisha mwaka 531. Jedwali lile lilihesabu miaka tangu enzi ya Kaisari Diocletian, mtesaji wa Wakristo. Wakopti wa Misri wanaihesabu mpaka leo, wakiiita miaka ya mashahidi. Dionysius hakutaka jina la mtesaji likae juu ya Pasaka, akahesabu tangu Kristo alipotwaa mwili. Namba ya mwaka tunayoiandika kwenye kila hundi na kila cheti cha kuzaliwa ilianza hivyo, ikiwa safu moja pembeni mwa jedwali la sikukuu. Katika safu ya umri wa mwezi, mwaka wa kwanza wa mzunguko, palipohitajika sifuri, yeye aliandika neno la Kilatini lenye maana ya "hakuna". Namba za Kirumi hazikuwa na alama ya jambo hilo.

Jedwali hilo halikuenea upesi. Galia, Ufaransa ya leo, ilitumia jedwali la mwaka 457 la Victorius wa Aquitaine, ambalo kwa baadhi ya miaka liliandika tarehe mbili. Matokeo yake Askofu Gregory wa Tours anaeleza kwamba mwaka 577 yeye na miji mingi ya Galia waliadhimisha Pasaka 18 Aprili, huku wengine pamoja na Hispania wakiwa wameshaimaliza tangu 21 Machi. Ayalandi nayo ilikuwa na mzunguko wa miaka 84, ambao hupotea kwa siku moja na robo hivi kila unapozunguka. Wajumbe wa Ayalandi waliofika Roma mwaka 631 walipanga nyumba moja na Myunani, Mwebrania, Mskithi na Mmisri. Wote wanne waliadhimisha Pasaka siku moja katika kanisa la Mtakatifu Petro, na Pasaka ya kwao Ayalandi ilikuwa mbali na hiyo kwa mwezi mzima.

Mbali na mzunguko kulikuwa na ugomvi wa siku moja tu. Mwezi ukitimiza siku ya 14, yaani ukipevuka kwa jedwali, Jumapili yenyewe, je, hiyo ndiyo Pasaka? Waayalandi walisema ndiyo: Jumapili yoyote kuanzia siku ya 14 hadi ya 20 ya mwezi. Roma na Aleksandria zilisema hapana: kuanzia ya 15 hadi ya 21. Kaskazini mwa Uingereza Mfalme Oswiu alifuata Waayalandi, na mkewe Eanflæd, aliyelelewa Kent huko kusini, alifuata Roma. Ilitokea mfalme akawa ameshafungua, anakula Pasaka yake, na malkia katika nyumba hiyohiyo bado amefunga Kwaresima akiadhimisha Jumapili ya Matawi. Mwaka 664 mfalme aliitisha mkutano Whitby na kuamua kwa kauli ya Roma. Kisiwa cha Iona, ngome ya Waayalandi, kilikubali mwaka 716.

Uamuzi ni wa siku moja, ila utekelezaji wake ulihitaji walimu. Kila kanisa kubwa sasa lilipaswa kuwa na mtu anayeweza kugawanya kwa 19 na kwa 28 (hiyo 28 naieleza chini), anayejua umri wa mwezi, na anayeweza kuwaeleza wenzake kwa nini. Mwaka 669 aliwasili Canterbury, kusini mwa Uingereza, Askofu Mkuu Theodore wa Tarsus, aliyekuwa na miaka 66 alipowekwa wakfu mwaka uliotangulia, na mwaka 670 akafuata Abati Hadrian, ambaye mmonaki na mwanahistoria Bede anamtaja waziwazi kuwa ni Mwafrika. Hadrian ndiye aliyetakiwa kwanza kuwa askofu mkuu, akakataa. Jambo hili halionekani katika vitabu vyetu vya shule, nami naona ni hasara: shule iliyoipa Uingereza Kiyunani, kanuni za mashairi ya Kilatini, falaki na hesabu ya kanisa iliongozwa na mzee kutoka Tarsus ya Kilikia (Uturuki ya leo) na Mwafrika wa kaskazini. Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Aldhelm, aliandika barua akilalamika kwamba jasho lote alilolitoa katika sarufi alianza kuliona dogo alipofika kwenye hesabu, hasa sehemu za namba. Alikuwa na haki. Kirumi hugawa kwa sehemu za 12, na kila sehemu ina jina lake la kukariri.

Hapo ndipo anapoingia Bede wa monasteri ya Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 672 au 673 na kufariki 735. Alipelekwa monasterini akiwa na miaka 7 na hakutoka nje ya eneo lake ila kidogo. Mwaka 725 alimaliza kitabu kikubwa cha kuhesabu nyakati, na nakala zake zaidi ya 200 bado zipo. Kitabu hicho hakianzi na teolojia. Kinaanza na vidole. Inama kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye kiganja: 1. Inamisha na cha pete: 2. Na cha kati: 3. Sasa inua kile kidogo, viwili vilivyobaki viendelee kuinama: 4. Vidole hivyo vitatu hubeba moja hadi tisa, gumba na shahada vya mkono huohuo hubeba makumi. Mkono wa kulia gumba na shahada ni mamia, vitatu vilivyobaki ni maelfu. Mikono miwili inafika 9,999 bila karatasi, na karatasi hawakuwa nayo.

Kuna matumizi ya pili ya mkono, na haya ndiyo yanayonivutia zaidi. Hesabu pingili za mkono mmoja: gumba 2, vidole vinne pingili 3 kila kimoja, jumla 14. Ongeza kucha 5, unapata 19. Mzunguko mzima wa mwezi umekaa kwenye mkono. Sasa hesabu mikono miwili bila kucha: 28. Huo ndio mzunguko wa jua, yaani siku 7 za wiki mara miaka 4 ya kalenda, ambao ukiisha tarehe zote hurudi kwenye siku zilezile za wiki. Zidisha 19 kwa 28, unapata miaka 532, ambayo ikipita Pasaka zote huanza upya kwa mpangilio uleule. Bede alitoa jedwali la miaka hiyo yote, kutoka 532 hadi 1063.

Tuitumie njia yake kwa mwaka 2024, maana kwa Waorthodoksi wa Bukoba, Nairobi na Kampala bado inafanya kazi. Chukua mwaka, ongeza 1: 2025. Toa 532 mara tatu, yaani 1,596, inabaki 429. Toa 380, ambayo ni 19 mara 20, inabaki 49. Toa 38, inabaki 11. Mwaka 2024 ni wa 11 katika mzunguko. Rudi nyuma hatua moja, 10, zidisha kwa 11, ni 110. Toa 30 kila inapowezekana, inabaki 20. Huo ndio umri wa mwezi tarehe 22 Machi. Mwezi wenye siku 20 tarehe 22 ulikuwa na siku 14 tarehe 16, kabla ya 21 Machi, kwa hiyo haufai, tusubiri unaofuata. Tarehe 1 Aprili umetimiza 30, tarehe 2 unaandama, tarehe 15 una siku 14. Hiyo ni 15 Aprili ya kalenda ya Julius Kaisari. Ongeza 13 kuileta kwenye kalenda yetu: 28 Aprili. Kwenye kalenda ya ukutani, 28 Aprili 2024 ilikuwa Jumapili.

Ni kesi ileile ya Whitby. Kwa kauli ya Waayalandi hiyo ingekuwa Pasaka. Kwa kauli ya Roma na Aleksandria ni lazima kusogea hadi Jumapili nyingine, 5 Mei. Siku hiyo ya 28 Aprili Waorthodoksi waliadhimisha Matawi, kama Malkia Eanflæd.

Sasa zile siku 35. Zile 13 hazijumlishwi moja kwa moja. Kazi yake ni kuufungia mlango mwezi wa Machi. Mwezi mpevu wa kweli ulikuwa 25 Machi 2024, na kwa kalenda ya Julius siku hiyo ilikuwa bado 12 Machi, mapema mno. Ikabidi kungoja mwezi mwingine, siku 29 na nusu. Lakini jedwali halikuuona mwezi huo ulipopevuka, usiku wa kuamkia 24 Aprili kwa saa za huku. Likauweka 28 Aprili, limechelewa siku 4 na ushee. Kutoka 25 Machi hadi 28 Aprili ni 34. Ongeza 7 za kuikwepa Jumapili ya siku ya 14: 41. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamesubiri siku 6 kutoka mwezi wao hadi Jumapili yao. Toa 6, unapata 35.

Mlango kufungwa na jedwali kuchelewa kunatokana na makosa mawili madogo yaliyoachwa yakomae. Mwaka wa Julius ni mrefu kuliko wa jua kwa dakika 11 hivi, siku moja katika miaka 128. Miaka 19 ya Julius nayo inaipita miezi 235 kwa karibu saa moja na nusu, siku moja katika miaka 300 na kidogo. Bede alikuwa na nafasi ya kuliona kosa la kwanza. Kulikuwa na desturi ya Kirumi iliyosema mchana na usiku hulingana 25 Machi. Yeye akakataa, akisema kipima saa cha kivuli kinathibitisha ni mapema zaidi, akaitetea 21 Machi ya Aleksandria. Lakini enzi zake tarehe ya kweli ilikuwa imeshateleza siku tatu hivi kabla ya hiyo 21. Kivuli kilimwambia kwamba 25 ni kosa. Kwamba 21 nayo imechakaa, jedwali la wazee lilimzuia asisikie. Msomi wa Uingereza Roger Bacon alimwandikia papa mwaka 1267 akilalamikia kalenda hiyo, na marekebisho yakaja 1582, Papa Gregori wa 13 alipofanya 4 Oktoba ifuatwe na 15 Oktoba.

Hata hivyo Bede hakuwa mkariri. Kuhusu bahari aliandika kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa karibu dakika 47 na nusu, sawasawa na mwezi unavyochelewa. Wanaopanga safari za jahazi wanajua ni dakika 50 hivi. Aliandika pia kwamba bamvua na maji mafu hufuata mwezi, na kwamba katika pwani moja bandari hutofautiana saa za kujaa, kila moja ikishika kanuni yake daima. Hili la mwisho hakulipata kwa Waroma. Lilihitaji watu wanaotazama maji katika bandari tofauti na kulinganisha. Na mwaka 708 alishtakiwa uzushi mezani kwa askofu kwa sababu ya hesabu: alikuwa amepunguza umri wa dunia, kwa kufuata Biblia iliyotafsiriwa kutoka Kiebrania, hadi miaka 3,952 kabla ya Kristo, wakati wengi walizoea zaidi ya 5,000. Alijibu kwa barua ndefu yenye hasira.

Siku zake za mwisho alikuwa akitoa vipande vya kitabu cha Isidore wa Sevilla kuhusu maumbile. Isidore, aliyefariki 636, ndiye aliyekusanya maarifa ya kale katika vitabu 20 vilivyotumika Ulaya nzima kama kamusi ya kila kitu, jedwali la Pasaka likiwa ndani yake. Vitabu vyake vina manufaa makubwa na makosa mengi. Bede aliwaambia wanafunzi wake hataki vijana wake wasome uongo atakapokuwa hayupo. Mtu anayekata roho huku akisahihisha kitabu cha kiada, sijui tumweke katika giza lipi.

Gharama ya kitabu nayo isisahaulike. Ngozi ya ndama huloweshwa siku kadhaa katika maji ya chokaa hadi manyoya yalegee, hukwanguliwa, kisha huwambwa kwenye fremu kama ngoma na kukwanguliwa tena kwa kisu cha mwezi mwandamo huku inakauka. Ikikauka bila kuwambwa hujikunja na kuwa ngumu, haiandikiki. Katika monasteri ya Bede, kabla ya mwaka 716, ilitengenezwa Biblia nzima ya kurasa kubwa: karatasi zake za ngozi ni 1,030, na ngozi moja ilitoa mbili. Hiyo ni mifugo zaidi ya 500 kwa kitabu kimoja, na walitengeneza vitatu. Moja iko Florence leo, ina uzito wa kilo 34 hivi. Kwa bei hiyo kila monasteri ililazimika kuchagua vitabu vichache, na jedwali la Pasaka halikuweza kuachwa.

Ndipo likazaa mambo ambayo hayakukusudiwa. Kila mstari wa jedwali ulikuwa mwaka mmoja, na pembeni palibaki nafasi. Wamonaki wakaanza kuandika humo: mfalme amekufa, baridi kali, njaa. Hizo ndizo kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizokuja kuwa uti wa mgongo wa historia ya Ulaya. Bede mwenyewe, katika historia yake ya Waingereza ya mwaka 731, alizipanga habari kwa miaka ya Kristo, na hata akahesabu kurudi nyuma: mwaka wa 60 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo mwandishi alitaja mwaka wa kutawala wa mfalme fulani, na ukivuka mto ulikuta mfalme mwingine na hesabu nyingine.

Mwaka 789 Mfalme Charlemagne, aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya magharibi, alitoa agizo kwa makanisa ya himaya yake. Mshauri wake mkubwa wa elimu alikuwa Alcuin, aliyesomea York, Uingereza, kwa walimu wa kizazi kilichomfuata Bede. Agizo linataka shule za wavulana kusoma, na linataja masomo: zaburi, alama, nyimbo, hesabu ya nyakati, sarufi. Hesabu ya Pasaka imewekwa sawa na sarufi. Linataka pia vitabu visahihishwe, kwa sababu watu wanaotaka kumwomba Mungu vizuri wanaomba vibaya kutokana na vitabu vyenye makosa. Na ikibidi kunakili Injili, Zaburi au kitabu cha misa, wafanye watu wazima kwa uangalifu, vijana wasiachiwe. Aliyewahi kuona nakala ya hati iliyochapwa na mtu mwenye haraka ataelewa.

Kunakili huko kulihitaji mwandiko unaosomeka. Katika monasteri za kaskazini mwa Galia, Corbie ikiwa mstari wa mbele, yalikuwa yameanza maandishi ya herufi ndogo za mviringo, zisizoungana ovyo, na nafasi kati ya neno na neno. Yakaenea himaya nzima. Miaka 600 baadaye wasomi wa Italia waliyakuta, wakadhani ni ya Waroma wa kale, wakayaiga, na wachapaji wakayaiga hao. Herufi ndogo ambazo gazeti lako limechapwa nazo ni uzao wa mwandiko huo. Vitabu vya Kilatini vya kuandikwa kwa mkono vilivyobaki kutoka karne zote kabla ya mwaka 800 ni kama 2,000 tu. Vya karne ya 9 peke yake vinapita 7,000.

Nisieleweke kwamba natetea upande wa pili, wa wale wanaosema Kanisa liliokoa kila kitu. Halikuokoa. Boethius, mwenye cheo kikubwa chini ya Mfalme Theodoric huko Italia, alipanga kutafsiri kwa Kilatini kazi zote za Plato na Aristotle, wanafalsafa wa Kiyunani. Aliuawa kwa tuhuma za uhaini yapata mwaka 524, akiwa amefikia mantiki tu, pamoja na vitabu vya hesabu na muziki. Kwa karibu miaka 600 Aristotle wa Ulaya ya Kilatini alikuwa vile vipande vichache. Cassiodorus alijenga monasteri ya Vivarium kusini mwa Italia na kuandikia wamonaki wake orodha ya vitabu vya kusoma, na akiwa na miaka 93 bado alikuwa akiwaandikia kitabu cha tahajia kwa kuwa walikosea kunakili. Hata hivyo monasteri hiyo haikudumu. Wakati Charlemagne anaagiza watoto wajifunze umri wa mwezi, Baghdad ilikuwa inaelekea kutafsiri kwa Kiarabu falaki nzima ya Ptolemy, mwanafalaki wa Aleksandria ya kale, kitu ambacho hakuna mtu wa Jarrow wala Galia aliyekiona. Vitabu hivyo vilipofika Toledo, Hispania, na kutafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, viliwakuta watu wenye shule, wenye mwandiko mmoja, na waliozoea kutafuta kosa katika jedwali. Wangekuwa wamesahau kugawanya kwa 19, sioni wangeanzia wapi.

Anayetaka kujaribu achukue mwaka 2027. Ongeza 1, toa 1,596, toa 380, toa 38: inabaki 14. Kumi na tatu mara 11 ni 143, ukitoa 120 ni 23. Mwezi wenye siku 23 tarehe 22 Machi unatimiza 14 mwezi unaofuata, tarehe 12 Aprili. Ongeza 13, ni 25 Aprili. Nayo ni Jumapili tena. Waorthodoksi watasogea hadi 2 Mei, na wenzao watakuwa wameshakula Pasaka tangu 28 Machi.

Msomaji wako,
Moshi